Usimwambie mtoto hana sauti

MIAKA mingi imepita lakini bado naikumbuka siku ile mwalimu wetu wa kwaya alipopita katikati ya mistari, sikio ameliinamisha, akitusikiliza mmoja mmoja. Alipofika kwangu alisimama. Akaniambia kwa sauti ya chini, na sidhani alikuwa na nia mbaya, kwamba nibaki mahali pangu kwa kuwa urefu wangu ulifaa ule mstari, ila nifungue mdomo tu, nisitoe sauti. Basi siku ya mashindano nikapanda jukwaani nikawa nafungua na kufumba mdomo kama changu aliyetolewa majini. Shule yetu ilipata cheti. Mimi tangu siku ile sikuimba tena mbele ya watu, hata siku ya harusi ya dada yangu, ambapo hata wazee wasio na meno waliimba.

Nakieleza kisa hiki katika kurasa za afya, wala si za burudani, kwa sababu nimefikia kuamini kwamba somo la muziki shuleni ni jambo la afya ya mtoto, kama yalivyokuwa maziwa ya Nyayo kwa kizazi changu na kama yalivyo mazoezi ya viungo hadi leo. Na kama ilivyokuwa kwa maziwa, haifai kugawiwa wachache waliochaguliwa huku wengine wakitazama.

Sisi tunaokaa Liwatoni tunaishi baina ya sauti nyingi. Chini yetu kuna gati ya samaki na meli za Kilindini zinazopiga honi usiku. Ng'ambo ya maji ni Likoni na Mtongwe. Watoto wanaosoma upande huu wa kisiwa hutoka Ganjoni, Mbaraki na Mji wa Kale, na wengine huvuka kwa feri alfajiri na mapema. Katika darasa moja utamkuta Mdigo, Mtaita, Mkamba ambaye babake ni kuli wa bandarini, Mluo, Mswahili wa Kibokoni, na Mhindi ambaye ukoo wake umekuwa hapa tangu siku za kujengwa kwa reli. Kila mmoja wao anakuja shuleni na mlio wa kwao kichwani. Swali langu ni je, mlio huo unapata nafasi gani baada ya kengele kulia?

Mji huu wenyewe haukuwahi kuwa na muziki wa aina moja. Mwanzoni mwa karne iliyopita vijana wa Mombasa na Lamu walianzisha ngoma ya beni, wakavaa kama askari, wakashika matarumbeta na ngoma za gwaride, wakagawanyika makundi mawili yaliyoitwa Kingi na Sikochi, wakashindana hadi watu wakasahau kazi zao. Ilikuwa ni bendi ya Kizungu, lakini mashairi yalikuwa ya Kiswahili na matusi yalikuwa ya kwetu. Baadaye ukaja wakati wa taarab. Marehemu Juma Bhalo aliimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, na wasikilizaji wake hawakuona ajabu yoyote. Marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, yeye alishika udi na kufuata njia ya Kiarabu. Zuhura Swaleh akatia chakacha ndani ya taarab na kuichangamsha. Joseph Ngala na saksafoni yake akatuletea bango, ambayo ina harufu ya jazi, ya Amerika ya Kusini na ya Mijikenda kwa wakati mmoja. Na Wadigo wana sengenya yao, ambayo atakayeisikia mara moja hatauliza tena kama ngoma inaweza kusema.

Orodha hii si ya kujivuna. Nataka msomaji aone kwamba mtoto wa Mombasa anayefundishwa muziki wa aina nyingi halishwi kitu kigeni, bali anarudishiwa mali ya mji wake.

Sasa tutazame hali ilivyo. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927 na ni miongoni mwa mambo ya zamani kabisa katika elimu yetu. Kila mwaka shule hushindana kuanzia ngazi za chini hadi fainali za taifa, na washindi hupata bahati ya kutumbuiza mbele ya Rais. Humo mna kwaya za Kizungu, nyimbo za asili, ngoma za makabila, ngoma za Kihindi na mashairi. Kwa upande huo hatuna la kuionea haya nchi yoyote. Ni mataifa machache ambako mtoto wa Kamba hucheza ngoma ya Waluo na mtoto wa Kiluo akaghani shairi la Kiswahili, na wote wakapewa alama na mwamuzi mmoja.

Lakini tamasha ni tamasha, na somo ni somo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, muziki ulikuwa miongoni mwa masomo ya shule za msingi na ulitahiniwa pamoja na sanaa na ufundi. Masomo ya mtihani wa KCPE yalipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, muziki ukatolewa, na sote tunajua linalotokea katika shule zetu kwa somo lisilotahiniwa: kipindi kinabaki kwenye ratiba ukutani, na mwalimu anakitumia kwa hisabati. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019 umerudisha muziki katika sanaa bunifu, na KCPE yenyewe ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Kwa maandishi, basi, mambo yamekuwa mazuri. Lakini tabia haibadiliki kwa maandishi.

Muhula wa tamasha ukifika, ukipita karibu na shule nyingi za mji huu utasikia wimbo mmoja ukirudiwa kuanzia asubuhi hadi saa kumi. Watoto thelathini au arobaini wamesimama juani. Mamia wengine wako madarasani bila mwalimu, au wanaokota taka. Wimbo umechaguliwa kwa kuwa mwaka juzi ulileta alama. Wamevalishwa makonge na kupakwa chokaa usoni, lakini ukimwuliza mtoto wimbo huu ni wa nini, ni wa harusi, wa mavuno au wa kumzika mtu, hajui. Nimeuliza. Mmoja aliniambia ni wa "division". Tamasha likiisha, makonge yanarudi stoo na muziki unakufa hadi mwaka ujao.

Kabla sijaeleza faida za kiafya, ni lazima niondoe uongo mmoja ambao sisi waandishi wa magazeti tumeusambaza sana. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, waliwasikilizisha wanafunzi 36 wa chuo muziki wa Mozart kwa dakika kumi, na wakafanya vizuri kidogo katika jaribio moja la kupanga maumbo. Faida yenyewe ilitoweka baada ya dakika kumi hadi kumi na tano. Lakini habari ilikua njiani hadi mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, akataka serikali itoe fedha ili kila mtoto anayezaliwa apewe santuri ya muziki huo! Mwaka 2020 wataalamu Giovanni Sala na Fernand Gobet walikusanya majaribio 54 yaliyohusu watoto karibu 7,000 waliofundishwa muziki, na yale yaliyofanywa kwa uangalifu zaidi hayakuonyesha kwamba watoto hao walipata akili zaidi au alama za juu darasani. Kwa hivyo mzazi akikuuliza kama ngoma itampa mwanawe "A" ya hisabati, mjibu kwa ukweli. Haitampa.

Itampa nini, basi? Mwaka 2019 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti iliyopitia zaidi ya tafiti 3,000 kuhusu sanaa na afya, na muziki ulikuwa mstari wa mbele katika kupunguza wasiwasi, kusaidia wagonjwa na kukuza watoto wachanga kwa nyimbo za kubembeleza. Sababu nyingine ni za mwili tu, wala hazihitaji maneno makubwa. Aimbaye huvuta pumzi haraka na kuitoa polepole. Msuli mpana ulio chini ya mapafu hufanya kazi yake yote, mbavu hupanuka, na wakati wa kutoa pumzi polepole mapigo ya moyo hupungua kasi. Ndiyo maana mtoto aliyekuja shuleni akitetemeka kwa yaliyompata nyumbani hutulia baada ya nyimbo mbili tatu. Watu wengi wenye kigugumizi, ambao hawawezi kutaja majina yao bila kukwama, huimba ubeti mzima bila kukwama hata mara moja. Mtoto wa aina hiyo ukimwambia afungue mdomo bila kutoa sauti, umemnyang'anya mahali pekee ambapo ulimi wake ni huru.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu mimi ndilo kubwa. Mwaka 2015 watafiti nchini Uingereza walifuatilia watu wazima waliojiunga na madarasa mapya, wengine ya kuimba, wengine ya kazi za mikono au uandishi, kwa muda wa miezi saba. Mwishoni wote walikuwa wamezoeana sawasawa. Ila waimbaji walizoeana upesi zaidi. Walikuwa marafiki wakati wenzao bado wanaulizana majina.

Sisi wa Liwatoni tuna sababu ya kulizingatia hilo. Mnamo Agosti 1997 Likoni iliwaka moto. Kituo cha polisi kilivamiwa, majirani waliitwa wageni kwa sababu ya kabila, watu wengi wakauawa na maelfu wakakimbia makwao. Ng'ambo hii tuliona moshi. Watoto waliokuwa darasa la tatu siku zile leo ni wazazi wenye watoto shuleni, na mengi waliyoyaona hawajayazungumza. Sisemi kwamba wimbo huzuia panga, maana waliofanya yale pia walikuwa na nyimbo zao. Ninachosema ni kwamba mtoto wa bara aliyefundishwa na mwenzake Mdigo namna ya kupiga kayamba, akakosea, wakacheka wote wawili, amepata kitu ambacho hotuba ya umoja wa taifa siku ya sikukuu haiwezi kumpa. Na yule Mdigo naye amemwona mgeni akihangaika kujifunza kitu cha kwao. Hapa nasema maoni yangu kama mzazi: kwa mtoto, kusikia wimbo wa nyumbani kwao ukiimbwa na darasa zima ni sawa na kuambiwa wewe si mtu wa ziada hapa.

Najua wapo wazazi ambao hawatanielewa. Jirani yangu, mama wa watoto wanne, aliniambia waziwazi: "Mwanangu nimempeleka akasome, sikumpeleka akapige ngoma." Wengine wana hoja nzito zaidi ya dini, na katika mji kama huu hoja hiyo haistahili kupuuzwa au kuchekwa. Masheikh wenyewe hawakubaliani kuhusu ala za muziki. Wapo wanaokataa zote, wapo wanaokubali dufu, na wapo wanaotazama maneno yanayoimbwa. Pale Lamu, Habib Swaleh wa msikiti wa Riyadha alitumia matari na kaswida kuwavuta watu kwenye maulidi, akapingwa na wakubwa wa mji, na leo maulidi ya Lamu yanajulikana Afrika Mashariki nzima. Dawa ya jambo hili ni shule kuzungumza na wazazi mapema, mwanzo wa mwaka, si mtoto anaporudi nyumbani na ngoma mkononi. Sauti ya binadamu na makofi havihitaji ala. Kaswida ni muziki wa aina yake na inastahili nafasi darasani sawa na kwaya ya kanisa, na asiyetaka mwanawe acheze chakacha asilazimishwe. Mahadhi ya chakacha yanaweza kufunzwa kwa vidole juu ya dawati, na utaona jinsi yalivyo magumu: mkono mmoja unahesabu mbili huku mwingine unahesabu tatu.

Kwa kuwa huu ni ukurasa wa afya, nawaomba walimu wanisamehe nikitaja machache ambayo naona yakifanywa vibaya. Mtoto anayepaza sauti juani saa sita mfululizo hajengwi koo, anaumizwa. Nyuzi za sauti zinapogongana kwa nguvu siku baada ya siku huota vinundu, na sauti hukwaruza. Ukwarufu ukizidi wiki tatu, mpeleke mtoto kwa daktari wa masikio, pua na koo, usimpe tangawizi ukangoja. Nusu saa ya mazoezi, maji ya kunywa, kivuli, kisha mapumziko. Kwa joto la Mombasa hilo si anasa.

Filimbi zinazotumiwa shuleni zisipokezanwe mdomo kwa mdomo. Zioshwe kwa maji na sabuni na zikaushwe, la sivyo mafua ya mmoja yatakuwa ya darasa zima.

Masikio nayo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki katika kelele za desibeli 80, na kwa watoto kiwango hicho kishushwe hadi 75. Huna haja ya mtambo wa kupimia. Ukilazimika kupiga kelele ili aliye umbali wa mkono akusikie, basi kelele zimepita kiasi, iwe ni spika za shule siku ya wazazi au ni matatu inayompeleka mtoto nyumbani. Masikio yakishaharibiwa na kelele hayarudi yalivyokuwa, na hakuna somo la muziki litakalomfaa asiyesikia tena milio myembamba.

Kisha wapo wazee. Mji huu na vitongoji vyake bado una wapigaji wa nzumari, ambao hutia hewa mashavuni hadi yakavimba kama bunju, wakaisukuma nje huku wakivuta pumzi mpya kwa pua, na mlio usikatike hata sekunde moja. Hakuna somo bora la mapafu kuliko hilo, na mwalimu wa sayansi angekuwa na mengi ya kuonyesha siku hiyo kuliko mchoro ubaoni. Mzee wa namna hiyo akialikwa darasani kwa nauli na chai, shule imepata mwalimu. Asipoalikwa, atakufa na ujuzi wake, kama walivyokwisha kufa wengi.

Wakuu wa shule watasema hakuna fedha. Ni kweli piano ni ghali, lakini nani kasema muziki ni piano? Kayamba ni mabua ya matete na mbegu. Ngoma hutengenezwa hapahapa. Ukitaka kuona linavyoweza kufanywa kwa mpango mkubwa, tazama Unguja. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilifunguliwa mwaka 2002 katika jengo la zamani la forodha, Mji Mkongwe, na vijana wa kike na wa kiume wakafundishwa udi, kanuni, fidla, kidumbak na ngoma, pamoja na kusoma noti za Kizungu na kupiga jazi. Waliotoka pale wameunda bendi zao na wengine wamekuwa walimu. Naam, chuo hicho nacho kilipata shida: kilitegemea sana wafadhili wa nje, na mwaka 2019 kilitangaza hadharani kwamba kilikuwa hatarini kufungwa kwa ukosefu wa fedha. Mimi naona funzo la pale ni kwamba muziki wa watoto usiwekwe mikononi mwa mfadhili. Uwekwe kwenye ratiba, ulipwe kama kinavyolipwa kipindi cha jiografia.

Ninachokitaka si kikubwa. Kipindi kimoja kwa wiki, kwa kila darasa, kwa kila mtoto, mwenye sauti ya kinanda na mwenye sauti ya bata. Kila mtoto alete wimbo mmoja wa kwao kwa mwaka, aulize nyumbani maana yake, aufundishe wenzake. Timu ya tamasha ichaguliwe, sikatai, mashindano yana raha yake, lakini ichaguliwe kutoka miongoni mwa watoto ambao wote wamekwisha kuimba. Na pasiwe na mwalimu hata mmoja wa kumwambia mtoto afumbe sauti na kufungua mdomo.

Mkutano wa wazazi wa muhula huu utafanyika, kama kawaida, Jumamosi asubuhi, na utatawaliwa na karo na vyoo. Yakishaisha hayo nitainua mkono na kuuliza mambo mawili: somo la muziki liko siku gani kwenye ratiba, na mara ya mwisho kufundishwa ilikuwa lini?